Sukari Nguru na Hesabu ya Vijiko

Siku hizi wanaojali afya zao, Kitengela hadi Oltepesi huku Kajiado, wanaikwepa sukari nyeupe na kununua ya kahawia, au sukari nguru, kana kwamba ni dawa. Imani hiyo si ya bure. Kinachopotosha ni kipimo.

Maji ya muwa yana madini na polifenoli, kemikali za mmea zinazopunguza uharibifu wa seli. Ndizo antioksidanti zinazosifiwa. Anayepika nguru huko Kakamega au Ndhiwa huyachemsha maji hayo kwenye karai pana, akiengua povu, mpaka yawe mazito na kuganda. Molasi haitolewi, ndiyo maana nguru huwa nyeusi na yenye ladha kali. Kiwandani, mashine inayozunguka kwa kasi hutenga punje na molasi. Sukari yetu ya kahawia ni punje hizo zikiwa zimebakiwa na utando mwembamba wa molasi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulipima nguvu ya antioksidanti katika gramu 100. Sukari nyeupe ilikaribia sifuri, sukari ghafi ya miwa ikapata milimoli 0.1, na molasi nyeusi 4.6 hadi 4.9. Na molasi huenda wapi? Ukame ukibana Kajiado, mfugaji huizimua kwa maji na kuinyunyiza kwenye nyasi kavu ili mifugo ipate hamu ya kula. Kwa antioksidanti za miwa, ng'ombe wanatushinda.

Kuhusu madini ya chuma, vipimo vya nguru hutofautiana sana. Hata tukikubali miligramu 10 kwa gramu 100, kijiko cha chai cha gramu 5 kitakupa nusu miligramu, ilhali mwanamke anayepata hedhi anahitaji takriban 18 kwa siku. Tena nguru yenyewe unaikoroga kwenye chai, ambayo tanini zake huzuia chuma kufyonzwa! Kwa chuma, kula maini, nyama na maharagwe.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani vijiko sita hivi vya chai. Nguru imo kwenye hesabu hiyo. Ukiipenda kwa ladha, itie. Mwenye kisukari aihesabu kama sukari nyingine yoyote.