Friji Inawaka, Lakini Je, Inapoza vya Kutosha?

Ukiingia kwenye nyumba za Makanyagio siku hizi si ajabu kukuta friji sebuleni au jikoni. Ndani yake kuna maziwa, mboga ya jana, samaki, maji ya kunywa, na pengine dawa ya bibi mwenye kisukari. Watu wa nyumbani wanaiamini kwa sababu mlango ukifunguliwa taa inawaka.

Kwenye kituo cha afya hatuamini taa. Jokofu la chanjo lina kipimajoto, na mhudumu huandika joto lake mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kuhakikisha liko kati ya nyuzijoto 2 na 8. Chanjo iliyopata joto huwezi kuitambua kwa kuitazama. Chakula nacho ni hivyo hivyo. Vijidudu vingi vinavyoleta kuhara na kutapika havibadilishi harufu wala ladha, kwa hiyo kunusa sufuria hakutoshi kujua kama mtoto yuko salama.

Makala hii inakueleza jinsi ya kujua kama friji yako inapoza vya kutosha, nini cha kufanya umeme ukikatika, matatizo unayoweza kuyatatua mwenyewe, na yale ya kumwachia fundi.

Friji inafanya kazi gani hasa?

Friji haiui vijidudu. Inavichelewesha tu visizaliane haraka. Vijidudu huzaliana kwa kasi chakula kikiwa kati ya nyuzijoto 5 na 60, na joto la mchana hapa Mpanda, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua, liko ndani kabisa ya kiwango hicho. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya muda wa saa 2.

Ndani ya friji joto linatakiwa liwe nyuzi 4 au chini yake. Friza inatakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Akina mama wengi huuliza, "Si nitakichemsha tena?" Kuchemsha kunasaidia, lakini hakuokoi kila chakula. Baadhi ya vijidudu huacha sumu ndani ya wali, nyama au maziwa yaliyokaa kwenye joto, na sumu hiyo haiondoki hata chakula kikichemka. Chakula kilichoshinda nje kitupwe, hata kama kinanukia vizuri.

Pima friji yako

Nunua kipimajoto cha friji kama unaweza kukipata. Kipimajoto cha kupimia homa hakifai, kwa sababu hakisomi baridi ya kiwango hicho. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, iache katikati ya friji usiku kucha, kisha soma asubuhi kabla watoto hawajaanza kufungua mlango. Ukiona zaidi ya nyuzi 4, ongeza baridi kidogo na upime tena kesho yake. Kumbuka kwamba kwenye friji nyingi namba kubwa kwenye kitufe cha kurekebisha ina maana ya baridi zaidi, si joto zaidi.

Kama huna kipimajoto, angalia dalili: maziwa yaliyochemshwa yanachacha baada ya siku moja, maji ya kunywa si baridi hata baada ya kulala humo, au vitu vya kwenye friza vinalainika.

Umeme ukikatika

Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa, kwa hiyo kukatika kwa umeme si jambo geni kwetu. Hata umeme wa mtaa ukiwepo, uniti za LUKU zikiisha usiku ni yale yale. Shika hesabu hizi:

- Friji ikikaa imefungwa hutunza baridi kwa muda wa saa 4 hivi.
- Friza iliyojaa, ikikaa imefungwa, hutunza baridi kwa muda wa saa 48 hivi. Iliyojaa nusu ni saa 24.

Usifungue mlango kuchungulia. Kila ukifungua, baridi inatoka. Jaza chupa za maji kwenye nafasi zilizobaki za friza, zigande. Umeme ukikatika, barafu hiyo itatunza baridi, na unaweza kuihamishia upande wa friji.

Kuna njia rahisi ya kujua kilichotokea ulipokuwa safarini au shambani. Gandisha maji kwenye kikombe cha plastiki, weka sarafu juu ya barafu, kiache kikombe ndani ya friza. Ukirudi ukakuta sarafu iko juu, barafu haikuyeyuka. Ukikuta imezama chini, barafu iliyeyuka na kuganda tena, kwa hiyo nyama na samaki waliomo usiwaamini.

Ikiwa muda wa saa 4 umepita na friji imepata joto, tupa nyama, samaki, maziwa, wali, maharage yaliyopikwa, mboga zilizopikwa na uji. Matunda mazima, mboga mbichi ambazo hazijakatwa, asali na achari vinaweza kubaki. Chakula cha friza ambacho bado kina barafu ndani yake kinaweza kugandishwa tena au kupikwa siku hiyo hiyo.

Umeme ukirudi, usiwashe friji papo hapo. Subiri angalau dakika 5. Mara nyingi umeme hurudi ukipanda na kushuka, na hali hiyo huunguza kompresa, yaani ile mota ya nyuma chini. Kifaa cha kulinda friji, ambacho mafundi wengi hukiita friji gadi, hufanya kazi hiyo ya kusubiri chenyewe. Bei yake ni ndogo kuliko ya kompresa mpya.

Matatizo ya kawaida na la kufanya

*Friji haiwaki kabisa.* Angalia LUKU kwanza, halafu swichi kuu, halafu soketi. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyo. Isipochaji, tatizo si friji. Usichomeke friji kwenye ekstensheni moja na pasi au jiko la umeme, waya unaweza kuungua.

*Taa inawaka lakini haipoi.* Taa na kompresa ni vitu viwili tofauti. Angalia kama mtoto amechezea kitufe cha baridi. Angalia kama umejaza vitu hadi hewa haizunguki, kama friji inapigwa na jua, iko karibu na jiko la mkaa, au imesukumwa hadi kugusa ukuta. Iache nafasi ya kiganja kimoja nyuma yake ili joto litoke.

*Mlango haubani.* Funga mlango ukiwa umeweka noti katikati ya mpira na mwili wa friji, kisha ivute. Ikitoka bila kukaza, baridi inavuja hapo. Safisha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwani mara nyingi ni mafuta na makombo. Ukiwa umechanika, fundi aubadilishe.

*Barafu imejaa kwenye friza.* Barafu ikifika nusu sentimita, zima friji, chomoa, toa vitu, acha mlango wazi. Weka bakuli la maji ya moto ndani kuharakisha. Usichokoe kwa kisu. Ukitoboa bomba gesi inatoka, na friji nyingi za sasa zinatumia gesi inayoshika moto. Ikitokea, zima moto wote, fungua madirisha, usiguse swichi, toa watoto nje na umwite fundi.

*Friza inagandisha lakini friji ina joto.* Njia ya hewa kati yake huenda imezibwa na barafu au vitu. Yeyusha barafu na upange upya. Ikijirudia, mwite fundi.

*Maji yanajikusanya chini.* Kuna tundu dogo nyuma, ndani ya friji, la kutolea maji. Likiziba, lizibue taratibu kwa mrija laini na maji ya uvuguvugu.

*Inanguruma kidogo, inakata, inaanza tena kila mara.* Umeme unaweza kuwa mdogo au kompresa ina shida. Chomoa, umwite fundi.

*Ukiigusa inakupiga shoti.* Zima umeme kwenye swichi kuu, weka watoto mbali, usiitumie hadi fundi umeme aikague pamoja na waya za nyumba.

Utunzaji wa kila siku

Mara moja kwa wiki, futa yaliyomwagika na toa vilivyozeeka. Mara moja kwa mwezi, chomoa friji, osha ndani kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kausha. Kila baada ya miezi michache, ikiwa imechomolewa, futa vumbi la nyuma kwa brashi laini. Vumbi letu la kiangazi huifanya kompresa ifanye kazi kupita kiasi na kula uniti.

Nyama na samaki wabichi wakae chini kabisa ndani ya chombo chenye mfuniko, ili maji yao yasidondokee chakula kingine. Chakula kilichopikwa kikae juu, kimefunikwa. Sufuria kubwa ya maharage ya moto usiiingize nzima. Igawe kwenye vyombo vidogo vifupi ipoe haraka, kisha ingiza kabla saa 2 hazijapita. Uji ambao mtoto ameshaulia kwa kijiko usihifadhi. Mate yaliyoingia yanauharibu.

Friji ya mtumba iliyoletwa kwa kirikuu ikiwa imelazwa, isimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuiwasha ili mafuta yarudi kwenye kompresa. Friji mbovu iliyowekwa uani ing'olewe mlango. Mtoto akijifungia ndani anakosa hewa, na sauti yake haisikiki nje.

Maziwa ya mama na dawa

Maziwa ya mama yaliyokamuliwa hukaa hadi siku 4 kwenye friji inayopoza vizuri. Yaweke nyuma kabisa, si mlangoni, na uandike tarehe. Nje ya friji yasizidi saa 4, na siku za joto kali yatumie mapema zaidi. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu.

Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na friza. Ikiganda, haifai tena hata ikiyeyuka. Dawa ya maji ya mtoto iliyochanganywa, fuata maelezo ya kwenye chupa. Si kila dawa inahitaji friji. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, usitupe insulini wala kuendelea kuitumia kwa kubahatisha. Ipeleke kituo cha afya au uulize mfamasia.

Mtoto akiharisha au kutapika

Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Mpeleke kituo cha afya apimwe na kupewa zinki.

Usisubiri asubuhi ukiona hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au haamki, macho yameingia ndani, au kinyesi kina damu. Mwambie mhudumu alikula nini na lini, na kama umeme ulikatika. Taarifa hiyo inatusaidia kujua tuanzie wapi.

Leo usiku weka kikombe cha maji kwenye friza, kesho weka sarafu juu yake. Kisha fanya jaribio la noti mlangoni. Ukikuta tatizo, lishughulikie kabla hujaingiza chakula kingine cha mtoto.