Traki ya longibodi

Traki ya longibodi ni kifaa cha metali kinachofungwa chini ya ubao wa magurudumu ili kushika ekseli na kuuwezesha ubao kukata kona mpandaji anapoegemea upande mmoja. Kila ubao una traki 2, moja mbele na moja nyuma, na kila traki ina magurudumu 2. Jina limetokana na Kiingereza, lakini katika mchezo huu halina maana ya lori.

Longibodi ni ubao wa magurudumu ulio mrefu kuliko ule wa kuchezea kwenye viwanja vya zege. Hutumika kwa safari fupi, kwa mazoezi na kwa mashindano ya kushuka milima. Kwa kuwa ubao hauna usukani wala breki ya kushika kwa mkono, usalama wa mpandaji kwenye mteremko hutegemea sana traki zilizochaguliwa na namna zilivyorekebishwa.

Sehemu za traki

Traki ya kawaida ina sehemu zifuatazo:

* Bamba: kipande bapa kinachofungwa kwenye ubao kwa skrubu 4.
* Mkono: kipande kirefu kinacholala kukingama chini ya bamba na kubeba ekseli.
* Ekseli: fimbo ya chuma yenye kipenyo cha milimita 8 mwisho wake, ambako gurudumu na beringi zake hukaa.
* Kingipini: bolti nene inayounganisha mkono na bamba.
* Bushi: vipande 2 vya mviringo vya poliyurethani vilivyovishwa kwenye kingipini, kimoja kila upande wa mkono. Hufanya kazi ya springi.
* Pivoti: ncha ya mkono inayokaa ndani ya kikombe kidogo cha plastiki kwenye bamba. Mkono huzunguka juu ya ncha hiyo.
* Washa na nati: hubana bushi zisitoke mahali pake.

Beringi zinazotumika kwa kawaida ni za namba 608, yaani zenye tundu la milimita 8, kipenyo cha nje cha milimita 22 na upana wa milimita 7.

Namna traki inavyofanya kazi

Mstari unaopita kwenye pivoti, ambao mkono huuzunguka, haukusimama wima wala haukulala, umeinama. Kwa sababu hiyo, ubao ukilala upande mmoja, mkono hulazimika pia kugeuka. Ekseli ya mbele huelekea ndani ya kona, na ya nyuma hugeuka kinyume chake. Hivyo ubao hufuata njia ya duara.

Uhusiano huo unaweza kuandikwa kwa hesabu ya trigonometria:

tan g = tan p × sin m

ambapo g ni pembe ambayo ekseli imegeuka, p ni pembe ya pivoti kutoka usawa wa ardhi, na m ni pembe ambayo ubao umelala. Ubao ukilala nyuzi 10, matokeo ni haya:

* pivoti ya nyuzi 50: ekseli hugeuka nyuzi 11.7
* pivoti ya nyuzi 40: nyuzi 8.3
* pivoti ya nyuzi 30: nyuzi 5.7
* pivoti ya nyuzi 20: nyuzi 3.6

Traki ya nyuzi 50 hugeuka zaidi ya mara 3 ya traki ya nyuzi 20 kwa mwegemeo uleule. Katika mwendo mdogo hiyo ni faida. Katika mwendo mkubwa ni hatari, kwa sababu kosa dogo la mguu hugeuka kuwa kona kali.

Historia

Wazo la kugeuka kwa kuegemea ni la zamani kuliko ubao wenyewe. Mwaka 1863 James Plimpton wa Marekani alipata hataza ya kiatu cha magurudumu 4 ambacho ekseli zake zilikaa juu ya mto wa mpira na kugeuka mvaaji alipoinama. Mbao za kwanza za magurudumu zilitumia ekseli za viatu vya aina hiyo.

Katika miaka ya 1970 Frank Nasworthy alileta sokoni magurudumu ya poliyurethani yaliyoshika barabara kuliko yale ya udongo mgumu au chuma yaliyotangulia. Mwendo ukaongezeka, na udhaifu wa traki za zamani ukaonekana. Baadaye zilienea traki ambazo kingipini yake imeelekezwa nje, kuelekea ncha za ubao, badala ya ndani. Kampuni ya Randal ya Marekani ilichangia sana kuzitangaza. Mpangilio huo ndio uliotawala longibodi za mteremko.

Mwaka 2017 Pete Connolly wa Uingereza alifikia mwendo wa kilomita 146.73 kwa saa akiwa amesimama juu ya ubao, huko Les Éboulements, Quebec, nchini Kanada.

Tatizo la mtikisiko

Mteremko hutoa mwendo kwa haraka kuliko watu wengi wanavyodhani. Kama hakungekuwa na msuguano wala ukinzani wa hewa, kitu kinachoshuka mita 10 tu za kimo kingefikia mita 14 kwa sekunde, yaani kilomita 50 kwa saa. Uzito wa mpandaji haubadilishi hesabu hiyo.

Mwendo ukiongezeka, ubao unaweza kuanza kupigapiga kushoto na kulia. Mtikisiko huo huanza pale traki inapogeuka kidogo, bushi zikairudisha, ikapita katikati na kugeuka upande wa pili. Mpandaji aliyeshtuka hukaza miguu na kujaribu kuuzuia ubao, lakini mara nyingi husukuma kwa kuchelewa na kuuongezea nguvu. Kila pigo huwa kubwa kuliko lililotangulia mpaka anarushwa.

Chanzo kikuu ni traki ya nyuma. Traki ya mbele ikigeuka, sehemu nyingine ya ubao huifuata, kama mkokoteni unavyomfuata anayeuvuta. Traki ya nyuma ikigeuka sana, husukuma mkia wa ubao pembeni, kama mkokoteni unaosukumwa kwa nyuma ukiwa na gurudumu legevu. Ndiyo sababu wapandaji wa mteremko huweka uzito mwingi kwenye mguu wa mbele na kupunguza uwezo wa traki ya nyuma kugeuka.

Traki za kalibu na traki za kukereza

Kwa jinsi zinavyotengenezwa, traki ni za aina kuu 2.

Traki za kalibu hutengenezwa kwa kumimina aluminiamu iliyoyeyushwa. Ni za bei nafuu na ndizo zinazotumiwa na watu wengi. Kasoro yake ni kwamba vipimo hutofautiana kidogo kati ya kipande na kipande. Ncha ya pivoti inaweza kucheza ndani ya kikombe chake, au ekseli ikawa haikunyooka kabisa.

Traki za kukereza huchongwa kutoka kipande kizima cha aluminiamu kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Vipimo vyake hukaribiana sana, ekseli huwa imenyooka, na bushi hukaa bila nafasi ya kuchezacheza. Kampuni za Aera, Ronin na Rogue ni miongoni mwa zilizojulikana kwa traki za namna hii. Bei yake huwa mara kadhaa ya bei ya traki za kalibu.

Faida ya traki ya kukereza ni uhakika: mpandaji akiegemea kiasi kilekile, ubao hujibu vilevile kila mara. Hata hivyo, haiondoi mtikisiko kwa yenyewe. Traki ghali yenye bushi zisizolingana na uzito wa mpandaji ni hatari kuliko traki ya kawaida iliyorekebishwa vizuri. Kwa anayeanza, kununua bushi za aina 3 au 4 na kuzijaribu huleta nafuu kubwa kwa fedha kidogo.

Kuchagua traki

Mambo yanayoangaliwa zaidi ni haya:

Pembe. Traki za nyuzi 50 mbele na nyuma hufaa matembezi na kona za karibu. Kwa mteremko wengi huanza na nyuzi 40 hadi 45. Wenye uzoefu hutumia pembe zisizolingana, kwa mfano 50 mbele na 20 nyuma, au 45 mbele na 25 nyuma. Kwa ubao ambao umbali kati ya traki ni sentimita 70, na uliolala nyuzi 10, jozi ya 50 na 50 hukata duara lenye nusukipenyo cha mita 1.7. Jozi ya 50 na 20 hukata duara la mita 2.6. Ubao bado unageuka, ila kazi kubwa hufanywa na mbele.

Upana. Mkono wa milimita 180 ulikuwa wa kawaida kwa longibodi kwa miaka mingi. Wapandaji wa mteremko wamehamia kwenye mikono myembamba zaidi, ya milimita 150, 130 au chini ya hapo, hasa ikiambatana na pembe ndogo.

Unyoofu wa ekseli. Traki huwekwa juu ya kioo au meza iliyonyooka, kisha gurudumu huzungushwa polepole. Likipanda na kushuka, ekseli imepinda.

Kurekebisha

Ugumu wa bushi hupimwa kwa kipimo cha Shore A. Bushi nyingi huwa kati ya 78A, ambayo ni laini, na 97A, ambayo ni ngumu. Mpandaji wa kilo 55 hadi 70 anaweza kuanza karibu na 85A hadi 87A kwenye traki ya mbele. Mwenye kilo 70 hadi 85 anaweza kuanza karibu na 90A. Nyuma huwekwa ngumu zaidi kwa hatua moja au mbili, hasa pembe ya nyuma ikiwa ndogo. Hizi ni namba za kuanzia tu.

Umbo nalo lina kazi yake. Bushi yenye umbo la koni huruhusu ubao kulala sana. Yenye umbo la pipa hutoa ukinzani ulio sawa na ndiyo inayopendwa kwa mteremko. Washa yenye umbo la kikombe huzuia bushi kutanuka, kwa hiyo huongeza uthabiti. Washa bapa huiachia nafasi zaidi.

Kosa la kawaida ni kutumia bushi laini kisha kukaza nati ya kingipini kwa nguvu ili ubao usiyumbe. Bushi hiyo hubanwa, hupasuka mapema, na ubao huwa mgumu katikati lakini hulegea ghafla ukishalala. Inafaa zaidi kutumia bushi ngumu na kukaza nati mpaka washa isizunguke kwa urahisi kwa vidole, kisha kuongeza robo mzunguko kwa wakati mmoja. Kila badiliko hujaribiwa kwenye mteremko mfupi ulio na sehemu tambarare mwishoni, na badiliko moja tu hufanywa kwa wakati mmoja ili ijulikane lipi limeleta matokeo.

Poliyurethani huwa ngumu kwenye baridi na laini kwenye joto. Ubao uliorekebishwa asubuhi ya baridi hautakuwa uleule adhuhuri kwenye lami yenye joto.

Barabara ya Rungwe kama mfano

Wilaya ya Rungwe katika mkoa wa Mbeya, Tanzania, inaonyesha vizuri masharti ambayo traki hukutana nayo milimani. Barabara ya lami kutoka Uyole hupita kwenye miteremko ya mlima Rungwe, hufika Tukuyu kwenye kimo cha takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kati ya mashamba ya chai na migomba mpaka tambarare ya Kyela, karibu na ziwa Nyasa lililo kwenye kimo cha takriban mita 475. Ni tofauti ya zaidi ya mita 1,000. Tukuyu huwa na baridi, hasa mwezi Juni na Julai, na Kyela kuna joto. Bushi zilezile hubadilika tabia njiani. Tena Tukuyu ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi nchini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na lami yenye maji hupunguza mshiko wa magurudumu ya poliyurethani.

Hata hivyo, barabara hiyo si uwanja wa michezo. Ndiyo njia ya malori yanayokwenda Malawi kupitia mpaka wa Kasumulu, pamoja na mabasi, bodaboda na watembea kwa miguu. Hakuna marekebisho ya traki yanayoweza kumwokoa mpandaji anayekutana na lori kwenye kona asiyoweza kuona mwisho wake. Mashindano ya mteremko hufanyika kwenye barabara iliyofungwa kwa magari.

Afrika Mashariki

Mchezo wa ubao wa magurudumu katika Afrika Mashariki umekua zaidi kwenye viwanja vya zege, kama kile cha Kitintale mjini Kampala, Uganda. Ubao wa viwanjani hutumia traki fupi zenye kingipini iliyoelekezwa ndani, ambazo hazifai kwa mteremko mrefu.

Chombo cha mteremko chenye mizizi katika eneo hili ni chukudu ya mashariki mwa Kongo, hasa mjini Goma, ambako imejengewa sanamu. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu 2 kinachobeba mazao na mizigo mingine mizito. Chukudu hugeuzwa kwa usukani, si kwa kulala upande, na breki yake hukanyagwa kwa mguu. Longibodi haina vyote viwili, kwa hiyo kazi yote ya kuelekeza huachiwa traki.

Usalama

Mpandaji wa mteremko huvaa helmeti inayofunika uso mzima, glovu zenye vibao vya plastiki vya kuburuta kwenye lami, na kinga za magoti. Kabla ya kila safari hukagua nati za kingipini na za ekseli, nyufa kwenye bushi, na skrubu za bamba. Hujifunza kwanza kusimama: kwa kuburuta soli ya kiatu, kwa kuteleza ubavu, na kwa kunyanyua kiwiliwili ili hewa impunguze mwendo. Asiyejua kusimamisha ubao kwenye mwendo fulani hana budi kubaki chini ya mwendo huo, traki zake ziwe za bei yoyote.