Fahamu: Reale ya Maria Theresa mnadani, halisi au bandia?

Kwenye minada ya mtandaoni, reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha iliyotamba Zanzibar na Oman karne ya 19, hunadiwa kuwa "ya mwaka 1780". Tarehe hiyo haithibitishi kitu. Mtawala huyo wa Austria alifariki 1780, na sarafu yake ikaendelea kupigwa kwa tarehe ileile Vienna, baadaye hata London, Rome na Bombay.

Hizo si bandia, ingawa muuzaji anayezipandishia bei kwa kisingizio cha ukongwe ni mjanja tu.

Bandia huumbuliwa na mizani: halisi ina gramu 28.07, fedha asilimia 83.3. Ikinasa kwenye sumaku, si fedha. Picha ya ukingo, ambayo wauzaji wengi hawaiweki, ndiyo ya kudai kwanza: pale husomeka IUSTITIA ET CLEMENTIA kwa herufi zilizochomoza. Ukingo mtupu unatia shaka.