Minova: Volani nyepesi kwenye pikipiki, wamotari wapime faida na hasara kabla ya kufungua moteri

Pale Minova, katika eneo la Kalehe, jimbo la Kivu ya Kusini, pikipiki ni chombo cha kutafutia chakula. Ndiyo inayobeba mgonjwa, mama anayetoka sokoni, na gunia la maharagwe kutoka vilima vya Buzi hadi kando ya ziwa Kivu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, vita vilipokata barabara ya Sake, mashua za Minova zikawa njia kubwa ya kupeleka chakula Goma.

Kwa hiyo motari anayetaka moteri yake ichangamke ana sababu. Shauri moja linalojulikana kwa watu wa mashindano ya pikipiki ni kuweka volani nyepesi. Kazi yenyewe fundi mwenye vifaa anaweza kuimaliza nyumbani kwa siku moja. Lakini je, inamfaa mtu anayebeba abiria na mizigo milimani?

Volani inafanya kazi gani?

Volani ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa kwenye ncha ya mhimili wa moteri, mara nyingi upande wa kushoto, chini ya kifuniko. Ndani yake mna sumaku, na zikizunguka ndizo zinazotoa umeme wa taa na wa batri.

Kazi yake nyingine ni kutunza mwendo. Moteri ya silindere moja, kama za pikipiki nyingi za taksi, inapata msukumo wa moto mara moja tu katika mizunguko miwili. Muda unaobaki, uzito wa volani ndio unaoivusha mpaka msukumo mwingine. Bila uzito huo, moteri ingetetemeka na kuzima.

Nguvu hiyo inaongezeka haraka kadiri moteri inavyokimbia. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, volani inatunza nguvu mara nne ya ile ya mizunguko 1,500. Maana yake, moteri ikienda polepole akiba ni ndogo, na hapo ndipo kila gramu ina faida.

Unachopata na unachopoteza

Volani ikipunguzwa uzito, moteri inaitikia gesi upesi zaidi, hasa katika vitesi za chini. Inashuka upesi pia ukiachia gesi. Kwenye uwanja wa mashindano, hilo ni jambo zuri.

Ila nguvu ya moteri haiongezeki. Pikipiki inayopanda mlima kwa mwendo mmoja haipati faida yoyote. Tena, kuondoka kwenye mteremko mkali na watu wawili nyuma kunakuwa kugumu: ambreyaji ikiachiwa vibaya kidogo, moteri inazima. Kwenye njia ya matope ya kupanda Kalungu na Numbi, moteri ikizima, pikipiki inaweza kurudi nyuma na abiria wake. Ndiyo maana waendesha pikipiki wa Ulaya na Marekani wanaopita kwenye matope na mawe mara nyingi wanafanya kinyume: wanaongeza uzito kwenye volani.

Kuna jambo la mwinuko pia. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na vilima vinaendelea juu zaidi. Hewa ni nyepesi, na moteri inapoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu ambayo ingekuwa nayo pwani. Moteri hiyo inahitaji msaada wa volani yake.

Anayeamua kufanya, afanye hivi

Kwanza moteri ipoe na batri itolewe waya. Kama volani iko ndani ya mafuta, yamwagwe kabla ya kufungua kifuniko. Nati ya katikati ikishatoka, volani haitoki kwa mkono, kwa sababu imeshika kwenye ncha ya mhimili iliyochongwa kwa kupungua. Inatakiwa kifaa cha kuvutia kinacholingana na nyuzi zake. Kupiga nyundo ni kosa kubwa: sumaku zinapasuka na mhimili unaweza kupinda.

Kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi kisipotee. Ndicho kinachoiweka volani mahali pake. Kikikatika, cheche ya buji inakuja saa isiyofaa. Kabla ya kurudisha, ncha ya mhimili na tundu la volani vipanguswe mpaka vikauke, bila mafuta hata kidogo. Nati ifungwe kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni kuchonga volani ya zamani kwa makadirio. Chuma kikiondolewa upande mmoja kuliko mwingine, moteri inatetemeka na beringi zinaisha. Kikiondolewa sana, volani inaweza kupasuka ikiwa kasini, karibu kabisa na mguu wa dereva. Afadhali kununua iliyotengenezwa kwa aina hiyo ya pikipiki.

Njia ya bei nafuu

Kwa motari mwenye vereseme ya kila siku, kuna njia rahisi ya kuanzia. Kubadilisha kurone ya nyuma na kuweka yenye meno mawili au matatu zaidi kunaongeza nguvu ya kupanda, ingawa mwendo kwenye tambarare unapungua na esansi inatumika zaidi. Kusafisha chujio la hewa, kupima nafasi ya valvu na kukaza shene vizuri kunarudisha nguvu ambayo moteri ilipoteza kwa uchakavu.

Na anayebadilisha volani baada ya hayo yote, asiuze ile ya zamani. Aijaribu mpya wiki moja bila abiria, kwenye mlima anaoujua. Ikizima mara kwa mara, airudishe ya kiwandani.