Kireno cha Hatua ya Kati na Msemaji wa Kiswahili wa Kalemie

Kwa mwanafunzi wa Kalemie, Kifaransa ndiyo lugha ya mihadhara na mitihani, na kwa hiyo ndiyo anayoitegemea aingiapo katika Kireno. Katika hatua ya kwanza mazoea hayo hayamdhuru, kwani lugha hizo mbili ni za ukoo mmoja. Ni katika hatua ya kati ndipo yanapompoteza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, mahali kadhaa, njia fupi zaidi ni ile ya Kiswahili, lugha ambayo mwanafunzi hudhani ameiacha nje ya mlango wa darasa. Haja yenyewe ya Kireno haihitaji kutetewa kwa kirefu: Kongo inapakana na Angola kwa zaidi ya kilomita 2,500, na Kireno ni mojawapo ya lugha rasmi za SADC, jumuiya ambayo Kongo iliingia mwaka 1997.

Msaada unaofikiriwa kwanza ni ule wa maneno ya mkopo. Wareno walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Waliacha meza, bendera, kasha, leso, mvinyo na foronya, na mengi ya maneno hayo yalifuata Kiswahili hadi ukingo wa Ziwa Tanganyika. Yana faida ya tahajia: anayejua mvinyo (vinho) na foronya (fronha) hasumbuliwi tena na nh, na kasha (caixa) humfundisha kwamba x huweza kutamkwa sh. Kwa upande wa maana, hata hivyo, si ya kuaminiwa. Gereza limetokana na igreja, yaani kanisa. Na anayeomba pera mjini Luanda hataletewa pera la Kalemie, bali tunda jingine kabisa, kwa kuwa pera letu kwa Kireno ni goiaba. Neno matabishi, ambalo kila Mkongo analijua kwa maana ya bakshishi, lilikuja kwa njia ya pili, ile ya Atlantiki. Asili yake ni mata-bicho, “ua-mdudu”, yaani tone la pombe la asubuhi kabla ya kula; na nchini Angola leo ni chakula cha asubuhi tu. Mgeni akiulizwa kama amekwisha kupata matabicho, asidhani anadaiwa rushwa.

Lakini msamiati ni jambo dogo. Kizingiti halisi cha hatua ya kati ni hali tegemezi ya wakati ujao, ambayo Kifaransa hakina. Mfaransa husema quand tu arriveras. Mwanafunzi anayetafsiri kutoka huko huandika quando chegarás, nalo ni kosa. Kireno husema quando chegares a Luanda, escreve-me. Sasa tuweke Kiswahili kando yake: utakapofika Luanda, niandikie. Lugha zote mbili zina umbo maalumu la tendo lisilotimia bado, ambalo tendo jingine linalingoja. Ulinganifu huonekana zaidi katika quem quiser vir, venha: atakayetaka kuja, na aje. Hapa Kiswahili hufuata Kireno karibu hatua kwa hatua, hadi kwenye kitenzi cha mwisho. Kuhusu umbo lenyewe, mwanafunzi aanze na wakati uliopita, nafsi ya tatu wingi, kisha aondoe -am: fizeram hutoa fizer, vieram hutoa vier. Asiyeujua wakati uliopita vizuri hana budi kuurudia kwanza.

Lipo tatizo ambalo si la Kireno. Umbo -takapo- ni la Kiswahili sanifu. Katika mazungumzo ya kila siku ya Kalemie husikika zaidi wakati utafika, muundo ambao, kwa bahati mbaya, unafanana na ule wa Kifaransa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyedharau Kiswahili cha shuleni kwa kudhani kwamba cha sokoni kinamtosha atakosa daraja hili. Haifai kumlaumu peke yake, kwani mara nyingi hakuna aliyemwambia kwamba sarufi ile ingemfaa popote nje ya mtihani wa Kiswahili.

Kitenzi-jina chenye nafsi nacho huwashangaza waliozoea Kifaransa: para comermos ni “ili tule”, é melhor irmos ni “afadhali twende”. Msemaji wa Kiswahili amezoea tangu utotoni kutia nafsi mahali hapo. Upatanisho wa sifa na nomino usimchukulie muda. Aliyeziweza ngeli hatishwi na jinsia mbili, ingawa itambidi akariri kila nomino iko upande gani.

Ser na estar ni habari nyingine. Ni na -ko hushawishi kulinganishwa nazo, lakini ulinganifu huvunjika upesi: mtu yuko Kalemie kwa está, hali mji uko ukingoni mwa ziwa kwa é au fica. Hapo Kiswahili hakisaidii, wala Kifaransa.

Umbo la mwisho la kutajwa ni la maandishi rasmi, na hata Wareno wenyewe hulitamka kwa nadra: vê-lo-ei, ambamo kiwakilishi cha mtendwa kimeingizwa katikati ya kitenzi cha wakati ujao. Mfaransa huliona kuwa la ajabu. Kwa Kiswahili ni nitamwona.