Utandike Nini Kwenye Ngazi ya Mbwa Anayepukutisha Manyoya?

Ploti za Rhonda, hapa Nakuru, siku hizi zinakua kwenda juu. Mwenye ploti hujenga vyumba vya kukodisha ghorofa mbili tatu, kisha yeye na watu wake huhamia ile ya mwisho. Mbwa naye hupanda nao. Mchana hufungwa kwenye paa karibu na matangi ya maji, usiku hufunguliwa ashuke kulinda geti, na hapo katikati hana njia nyingine ila ngazi. Kila siku hupanda na kushuka humo, na kila siku huacha manyoya. Wenye nyumba za namna hii huniuliza watandike nini ili manyoya yasionekane. Jibu langu huwaudhi kidogo: tandika kitu kitakachoyaonyesha, mradi kiwe kitu kinachoyaachilia ukipitisha ufagio. Kapeti linaloficha manyoya ndilo linaloyaweka.

Kwanza tumwelewe mbwa mwenyewe. German Shepherd, na chotara wake wengi wanaolinda mageti ya Nakuru, wana manyoya ya tabaka mbili: marefu na magumu juu, mafupi na laini chini. Yale ya chini ndiyo yanayong'oka kwa mafungu. Katika nchi za kaskazini, siku zikirefuka au kufupika mwili wa mbwa hupata ishara ya kubadilisha koti, kwa hiyo kuna misimu miwili ya taabu na nafuu katikati. Sisi ikweta inatukatiza hapo Mogotio, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Mchana wetu karibu haubadiliki kutoka Januari hadi Desemba, basi usingojee msimu upite. Mbwa wako atapukutisha kidogo kidogo mwaka mzima.

Sasa itazame ngazi yenyewe. Ghorofa yenye kimo cha mita 2.8, ikiwa kila kidato kimeinuka sentimita 17.5, ina vidato 16. Ikiwa upana ni mita moja, una mita 16 za kona ya ndani, pale sehemu ya kukanyaga inapokutana na ile iliyosimama. Manyoya hayakai katikati ya kidato. Miguu na upepo wa mlangoni huyasukuma hadi kwenye kona hiyo, yakakutana na vumbi letu la volkano, jepesi kama unga, yakajisokota kuwa mafundo. Mteja anayechagua kapeti kwa kupapasa sehemu ya juu anapima mahali pasipo na shida. Mwulize fundi atafanya nini kwenye kona na kwenye ukingo wa kidato. Akikosa jibu, tafuta mwingine.

Kapeti la nyuzi za plastiki lililobandikwa kwa gundi toka chini hadi juu ndilo chaguo baya kuliko yote, ingawa ndilo linalopendeza siku ya kwanza. Nailoni na poliesta zikisuguliwa hutengeneza umeme tuli, hasa Januari na Februari hewa inapokauka, na unywele mwembamba hung'ang'ania hapo hata mashine ya kuvuta vumbi ikashindwa. Lakini unywele ni kero tu. Tatizo kubwa zaidi ni kiroboto. Jike moja huweza kutaga mayai 20 hadi 50 kwa siku, na mayai hayo hayanati kwenye mbwa. Huanguka anapopita na kuzama kwenye nyuzi. Mabuu hukimbia mwanga, hushuka hadi kwenye mizizi ya kapeti na kula vinyesi vikavu vya viroboto wakubwa vinavyodondoka pamoja na mayai. Kisha hujifunga kwenye kifukofuko na kungoja, wiki hata miezi, mpaka wahisi joto au mtikisiko wa miguu. Ndiyo maana familia iliyokwenda ushago Krismasi hurudi ikavamiwa kwenye ngazi kabla hata ya kufungua mlango.

Hapo watu wa Nakuru hukimbilia pareto, na wana haki, maana kiwanda cha kusindika maua hayo kilijengwa hapa hapa mjini. Dawa ya pareto humwua kiroboto mkubwa haraka, lakini huharibika upesi ikipigwa na jua, na aliye ndani ya kifukofuko kwenye mizizi ya kapeti ni vigumu kumfikia. Utapuliza leo, wiki ijayo watatoka wapya. (Na kama una paka, soma karatasi ya dawa kwanza. Permethrin, ambayo ni ndugu wa pareto aliyetengenezwa maabara, mbwa huivumilia lakini paka humwua.) Kwenye kidato kigumu kisicho na nyufa, mabuu hawana pa kujificha, na ufagio pekee huondoa sehemu kubwa ya kizazi kijacho.

Baada ya kapeti, watu huniuliza kuhusu mkeka wa mbao, ile plastiki yenye picha ya mbao iliyoenea kila nyumba. Muuzaji atakuambia, "Mama, chukua huu, haushiki uchafu," na kuhusu sakafu ya sebuleni hadanganyi. Kwenye ngazi mambo ni mengine. Mkeka haupendi kukunjwa kwenye ukingo. Ukikunjwa, hupasuka pale pale kisigino kinapotua. Ukikatwa vipande viwili, mdomo wa juu huinuka baada ya muda na manyoya huingia chini yake, mahali ambapo hakuna tambara linalofika. Kucha za mbwa humalizia kazi. Ukiung'ang'ania, nunua ule mzito, na kila ukingo ufungwe kwa ukanda wa alumini wenye mikwaruzo, uliokazwa kwa skrubu. Bila ukanda huo usitoe pesa.

Vigae vinavyong'aa nitavipita haraka: ni rahisi kusafisha na ni hatari kupanda. German Shepherd ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na maradhi ya nyonga, na mbwa wa kilo 35 anayeteleza akishuka mbio kumfukuza mwizi anaumia yeye na yeyote aliye mbele yake. Kama ni lazima vigae, tafuta alama ya R10 au R11 kwenye katoni, maana hiyo hupima ugumu wa kuteleza. Terazo ni nzuri ikiachwa bila kung'arishwa mno. Mbao za saipresi zinakwaruzwa na kucha, na nyufa zake ni hoteli ya viroboto.

Chaguo langu kwa ploti ya Rhonda ni simiti, ile ile iliyopo, ila ifanyiwe kazi vizuri. Fundi apige lipu ya mwisho ngumu na laini, kisha kabla haijakauka apitishe chupa au kipande cha bomba kwenye kona ya ndani ili iwe ya mviringo. Kona ya mviringo haishiki fundo la manyoya. Tambara linapita moja kwa moja. Kwenye ukingo avute mistari miwili mitatu ya kina kifupi kwa ajili ya kushika mguu, na iende hadi mwisho wa kidato ili ufagio uisukume takataka nje kwa ubavu. Rangi iwe kinyume cha mbwa: mbwa mweusi, ngazi ya kijivu hafifu. Na tafadhali, mama, waksi nyekundu iache chumbani. Kwenye ngazi, waksi na manyoya na maji ya mvua hukuangusha.

Mbwa akizeeka, au kukiwa na mtoto au nyanya nyumbani, simiti tupu ni ngumu mno. Hapo ongeza ukanda mwembamba wa mkonge uliofumwa kwa kubana, usio na manyoya yake mwenyewe, upitie katikati ya vidato. Usiubandike gundi. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie nondo laini za milimita 8, moja kwa kila kidato, zinazolala kwenye kona ya ndani na kushikwa na vikulabu viwili vilivyokazwa ukutani mwa kidato. Zikikazwa vizuri ukanda hauchezi hata mbwa apite mbio. Jumamosi unazichomoa, unaukunja ukanda, unaupeleka nje kuupiga kwa fimbo. Mkonge hauogeshwi, kwa hiyo mbwa mwenye tabia ya kukojoa ndani haumfai.

Kusafisha hakuhitaji maji mengi, na Rhonda tunajua thamani ya jerikeni. Ufagio mkavu hurusha vumbi na magamba ya ngozi hewani, na wenye mzio wa mbwa huumizwa zaidi na magamba hayo na mate yaliyokauka kuliko unywele. Chukua ule mpira wa kukaushia sakafu, uloweshe kidogo, anza kidato cha juu na uvute kuelekea kwako. Manyoya hujikusanya yenyewe kwenye mdomo wa mpira. Glavu ya mpira yenye unyevu hufanya kazi hiyo hiyo kwenye ukanda wa mkonge.

Wengine hufikiri njia ya mkato ni kumnyoa mbwa. Usimnyoe. Koti hilo ndilo linalomkinga na jua la paa mchana na baridi ya usiku kwenye mji ulio karibu mita 1,850 juu ya bahari, na likinyolewa linaweza kuota ovyo. Mchane, huko huko juu kwenye paa kabla hajashuka, kwa kichana cha meno marefu kinachofika tabaka la ndani, mbali na kamba za nguo za wapangaji.

Na wewe mpangaji ambaye ngazi si yako, usinunue chochote cha kubandika. Omba ruhusa ya kuziba nyufa za vidato vinavyoelekea mlangoni kwako kwa simiti kidogo, na umwombe mwenye ploti kwa adabu kwamba mbwa achanwe kabla ya kufunguliwa jioni. Akikubali hilo la pili, hata la kwanza linaweza kungoja.