Watoto Wawili au Mmoja? Kumbukumbu za Familia Zinapopingana



Wengi wetu huanza kuchunguza habari za ukoo siku tunapohitaji cheti. Mchumba anakwenda ofisi ya parokia kuomba cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa, au frateri anakusanya hati zake kabla ya ushemasi. Hapo ndipo tofauti zinapoonekana: kitabu cha ubatizo kinasema hivi, cheti cha kuzaliwa kinasema vile, na bibi nyumbani ana habari nyingine. Tuamini ipi?

Kanisa limeishi na swali hili tangu mwanzo. Mathayo anaandika kwamba Yakobo alimzaa Yosefu, mumewe Maria (Mt 1:16). Luka anamtaja Yosefu kuwa wa Heli (Lk 3:23). Katika karne ya 3, Julius Africanus alitoa maelezo ambayo yamehifadhiwa na Eusebius: Heli na Yakobo walikuwa ndugu wa mama mmoja, Heli alifariki bila mtoto, Yakobo akamrithi mjane wake, akamzaa Yosefu. Hivyo Yosefu alikuwa wa Yakobo kwa damu na wa Heli kwa sheria. Hatulazimiki kuyapokea maelezo hayo, lakini njia yake inafaa kuigwa. Kabla ya kusema kwamba mwandishi mmoja amekosea, aliuliza: kila mmoja anasema “mwana” kwa maana gani?

Swali hilo linatuhusu sana. Kwetu baba mdogo ni baba, na mtoto wa ndugu ni mtoto. Mjomba aliyemlea mtoto na kumpeleka shule huenda akaandikwa shuleni kama mzazi wake. Huyo aliyeandikisha hakukusudia kudanganya; alijibu kadiri alivyoulizwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bibi amezoea kusema alizaa watoto saba. Katika kitabu cha ubatizo tunakuta Maria aliyebatizwa mwaka 1951, na Maria mwingine aliyebatizwa mwaka 1954, wazazi wakiwa walewale. Rejista ya shule ina Maria mmoja tu, aliyezaliwa mwaka 1953. Ni rahisi kusema kwamba katekista aliandika mara mbili, kisha tukachagua tarehe moja. Tusifanye haraka. Tufungue kwanza kitabu cha marehemu. Tukimkuta humo Maria, mtoto mchanga, aliyezikwa mwaka 1952, basi walikuwa watoto wawili. Wa pili alipewa jina la dada yake aliyetangulia, na bibi hakumhesabu wa kwanza kwa sababu ya uchungu. Na ule mwaka wa shule? Zamani watoto wengi walikadiriwa umri kwa kupitisha mkono juu ya kichwa hadi kugusa sikio la upande wa pili. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa shuleni unaweza kuwa makadirio tu.

Hutokea pia kinyume chake: kumbukumbu mbili, mtoto mmoja. Mtoto aliye katika hatari ya kufa hubatizwa palepale kwa dharura. Akipona, hupelekwa kanisani kukamilishiwa ibada zilizobaki, bila kubatizwa tena. Tarehe zote mbili zinaweza kuandikwa. Tofauti ya siku moja nayo ina sababu zake: kwa hesabu ya Kiswahili, usiku wa Jumapili ni ule unaotangulia mchana wa Jumapili, lakini kwa kalenda ya ofisi bado ni Jumamosi hadi saa sita usiku. Vitabu vya kale vya misioni vilivyoandikwa kwa Kilatini navyo vinaweza kumwita Yohane “Joannes”, na tarakimu 1 ya mwandiko wa Kizungu ikasomwa kama 7.

Basi kwa kila kumbukumbu tuulize maswali matatu. Nani alitoa habari? Aliitoa muda gani baada ya tukio? Iliandikwa kwa kusudi gani? Kitabu cha ubatizo ni shahidi wa karibu wa siku ya ubatizo, lakini kuhusu siku ya kuzaliwa kinategemea maneno ya aliyemleta mtoto. Tusome pia pembeni mwa ukurasa: kanuni ya 535 inaagiza kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima katika shirika la kitawa ziandikwe humo. Maelezo hayo mara nyingi huonyesha ni Maria yupi aliyekua na kuolewa.

Jambo hili si la udadisi tu. Watoto wa ndugu wawili wako katika daraja ya nne ya ujamaa wa damu, na ujamaa huo ni kizuizi cha ndoa (kanuni ya 1091). Kosa la jina la baba linaweza kuficha undugu wa wachumba, au kuzuia ndoa isiyo na tatizo. Kwa hiyo tukiona tofauti, tusifute wala kuongeza kitu kitabuni. Tumpelekee paroko hati zote na mashahidi walio hai. Ubatizo ambao haukuandikwa unaweza kuthibitishwa na shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, ikiwa hakuna anayedhurika (kanuni ya 876).

Na tukiwauliza wazee, tuulize kwa upole. Tusimwambie bibi, “Umesahau.” Tumuulize, “Bibi, kulikuwa na Maria mwingine?” Huenda akanyamaza kwanza, tumsubiri. Mtoto yule alibatizwa, na Mungu hakumsahau hata siku moja. Tukiandika orodha ya familia kwa ajili ya Misa ya Novemba, tumwandike naye: watoto wa bibi walikuwa wanane.